Mchoro wa Tano wa Adrabo

Mwezi wa tatu mwaka 1979 Mwalimu Duku alinirudishia vipande vitatu vya sabuni ya kaboliki, akaniambia nyumbani kwake watafua kwa majivu. Nilidhani amepata mtu anayemuuzia rahisi kuliko mimi. Wakati ule sabuni Arua ilikuwa kitu cha kupangiwa foleni tangu alfajiri, na mimi nilikuwa naichukua Kaya, upande wa Sudan, ng'ambo ya mpaka wa Oraba, naileta chini ya magunia ya simsim. Mke wake, Medina, ni dada yangu, kwa hiyo Duku nilimpa kwa bei niliyonunulia. Nikamuuliza huyo mwuzaji mpya ni nani.

"Si bei, shemeji," akasema. "Ni harufu."

Mtu anayekataa sabuni mwaka ule ama alikuwa tajiri ama alikuwa mgonjwa. Duku hakuwa tajiri.

Alizaliwa Midia, upande wa Koboko, kwenye ukoo wa wakulima ambao hakuna aliyewahi kumaliza sekondari kabla yake. Alirudi kutoka chuoni mwaka 1971 akapewa kufundisha kemia kwenye shule moja ya Arua. Mwaka uliofuata walimu wa Kihindi wakaondoka, naye akabaki peke yake na darasa lote la kemia, chumba cha maabara chenye bomba kavu, na ubao uliopasuka katikati. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini nilikaa kwake jioni nyingi, nikayajua mambo yake kama mtu anavyojua dini ya jirani.

Jambo alilolipenda kuliko yote aliliita rezonansi. Nitaeleza kama alivyonieleza mimi, kwenye barza yake, kwa kidole juu ya vumbi. Ziko molekuli ambazo mchoro mmoja hautoshi kuzionyesha. Unachora wa kwanza, unachora wa pili, wa tatu, na baina ya mmoja na mwingine unaweka mshale wenye vichwa viwili. Nikadhani anasema kitu hicho kinarukaruka, leo hivi, kesho vile. Akakataa. Kitu ni kimoja na kimetulia, kalamu ndiyo iliyoshindwa. Basi nikamwambia ni kama mashahidi watano wa ajali moja, kila mtu aliona kweli na hakuna aliyeona yote, na hakimu lazima awasikilize wote kisha aamue nani wa kuaminiwa zaidi. Alifurahi sana, akalipeleka neno hilo darasani.

Maneno yangu mengi aliyapeleka darasani. Ningejua, ningeyafunga.

Mfano wake mkubwa ulikuwa fenoli, ile ile inayoipa sabuni ya kaboliki harufu yake. Unachora pete ya pembe sita, kama chumba cha sega la asali, na kila pembe ni kaboni. Upande mmoja unapiga mstari mmoja, upande wa pili mistari miwili, zamu kwa zamu mpaka pete inafunga. Juu ya pembe ya kwanza unaweka oksijeni. Ukiinyang'anya hidrojeni yake, inabaki na alama ya kutoa, yaani imebeba elektroni za ziada. Huo ni mchoro wa kwanza. Kisha alama ile inashuka kwenye pete: inatua pembe ya jirani ya kulia, au pembe ya mkabala, au ya jirani ya kushoto. Hiyo ni mitatu mingine. Jumla minne. Halafu unalinganisha: ule wenye alama juu ya oksijeni ndio wenye uzito zaidi, kwa sababu oksijeni ina uroho wa elektroni kuliko kaboni.

Na sheria ilikuwa moja, aliiandika juu ya ubao kila muhula: atomu hazihami. Kinachohama ni elektroni peke yake. Mwanafunzi akihamisha atomu, alipata sifuri, hata kama ni mtoto wa mkubwa gani.

Mwaka 1978 darasa lake la mwisho lilikuwa na watu kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa Adrabo, kijana wa Onduparaka, mrefu, mkimya, mama yake mjane anayesuka nyungo. Mwezi wa saba walifanya mtihani wa majaribio. Shule ilikuwa imeamua kwamba asiyefikisha alama arobaini hataingia kwenye mtihani mkubwa. Swali la fenoli lilikuwepo, na wote walichora minne isipokuwa Adrabo, aliyechora mitano. Mchoro wake wa tano ulikuwa na alama ya kutoa juu ya oksijeni, kama ule wa kwanza, ila mistari miwili miwili ilikaa kwenye pande zile ambazo wa kwanza ulikuwa na mmoja mmoja.

Duku aliuangalia. Aliigeuza karatasi, upande wa nyuma mbele, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaona mchoro wa tano umekuwa kama wa kwanza. Basi akahukumu kwamba mtoto amerudia jibu ili ajaze ukurasa. Akaukata kwa kalamu nyekundu, akamtoza pia alama mbili za udanganyifu. Adrabo akapata thelathini na nane.

Hapo pangekuwa mwisho wa habari. Lakini siku ya kurudisha karatasi aliinua ile ya Adrabo mbele ya darasa akasema, "Huyu ametaka kuniuzia jogoo mmoja mara mbili." Maneno yangu hayo. Nilikuwa nimeyasema kwake juu ya mfanyabiashara mmoja wa Yei, juma lile lile. Darasa lilicheka mpaka wengine wakapiga meza. Tangu siku hiyo Adrabo akawa Jogoo. Walimwita hivyo bwenini, uwanjani, mpaka kanisani.

Mwezi wa nane aliondoka shuleni akaingia jeshi. Mwezi wa kumi vita vikaanza huko kusini. Mwezi wa pili mwaka 1979 askari mmoja wa Arua aliyerudi na mguu uliofungwa alimletea mama wa Adrabo mkanda na kitambulisho cha mwanawe, akamwambia aliangukia upande wa Masaka. Mwili haukuletwa. Askari yule alimtaja kama Jogoo. Mama alikuwa hajalisikia jina hilo, akauliza limetoka wapi, akaambiwa.

Duku naye aliipata habari, akasikitika kama mwalimu yeyote. Wakati ule karatasi zilikuwa adimu, akawa anatumia nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani kuandikia masomo. Mkono wake ukaangukia ile ya Adrabo. Mwenyewe aliniambia hakujua kwa nini hakuipindua akaandika. Alichukua karatasi nyembamba, akaipaka mafuta ya simsim ili ipitishe mwanga, akaunakili mchoro wa kwanza, akauweka juu ya wa tano. Oksijeni juu ya oksijeni, pembe juu ya pembe. Mistari haikulingana hata mmoja.

Ndipo akakumbuka kwamba mwezi wa saba aliigeuza karatasi. Ukiigeuza, inafanana. Lakini ukiigeuza, kaboni ya kulia imekwenda kushoto. Umehamisha atomu. Sheria ile aliyoiandika juu ya ubao kwa miaka saba aliivunja yeye, kwa mtoto aliyeishika.

Akaniletea sabuni yangu juma hilo. Hospitali inanuka kaboliki, choo cha shule, kambi ya jeshi, shuka za Medina. Alisema kila akiinusa anaona mtu amesimama nyuma yake upande wa kushoto, kimya, kama mwanafunzi anavyosimama kungoja karatasi yake isahihishwe. Hakugeuka kumtazama. Nilimwambia ni njaa. Kila mtu Arua mwaka ule alikuwa na mtu nyuma yake, na wengi wetu tulijifunza kutogeuka.

Alitaka aende kwa mama wa Adrabo akaseme. Mimi nikamwambia asiende mikono mitupu na asiende bila msemaji. Kazi hiyo naijua. Nimesemea mahari nyingi Koboko na Arua, nimesemea hata watu waliogongwa na malori, na sijawahi kurudi nimetoa zaidi ya nilichopanga. Nikamwendea kwanza Obeti, mdogo wa marehemu baba wa kijana. Kwa majuma mawili tukavutana. Nikafikia fahali mmoja, mablanketi mawili na gunia la chumvi, si kama fidia ya damu, maana Duku hakumwua mtu, bali kama pole ya heshima. Nikampa Obeti pia maelezo niliyoyapanga: majibu yaliletwa yamechapwa kutoka Kampala, yalikuwa na minne, mwalimu alifuata karatasi ya serikali. Duku nilimwambia akae kimya, mimi ndiye nitakayesema.

Tulikwenda Onduparaka mwezi wa nne, juma moja baada ya Kampala kuanguka. Barabarani askari walikuwa wanarudi kaskazini na vitanda na majokofu juu ya malori. Driwaru, mama wa Adrabo, alikuwa ameketi mbele ya nyumba akisuka ungo, hakuuacha tulipoketi. Nilisema yote vizuri. Obeti akaitikia kwa kichwa kwa wakati wake. Nilipomaliza, mama hakuuliza juu ya fahali.

"Mimi nasikia hii maneno ya karatasi," akasema. "Mimi hapana soma. Lakini macho iko. Nataka kuona hiyo kitu ambayo mtoto alichora."

Nikamwambia ni mambo ya shule, mama, hata mimi siyaelewi. Alimtazama Duku, na Duku akainuka. Nyumba ilikuwa imesilibwa upya kwa udongo mweusi, ukuta ulikuwa laini kama ubao. Akachukua kipande cha muhogo mkavu kutoka kwenye mkeka wa kuanikia, kwa sababu chaki ilishaisha na sasa walimu wote waliandikia muhogo, akachora mmoja baada ya mwingine mpaka mitano. Kwenye wa tano mkono wake ulisimama kidogo, halafu ukaendelea. Akarudi nyuma.

Driwaru aliweka kazi yake chini. Hakukaa muda mrefu. Mtu aliyesuka zamu ya ukindu mweusi na mweupe tangu utotoni haangalii kama sisi. Alinyoosha kidole kwenye wa kwanza, kisha wa tano.

"Hii mbili ndiyo ulisema iko moja?"

"Ndiyo, mama."

"Hii inaanza mbili upande huu. Hii inaanza mbili upande ile. Kwa nini iko moja?"

Duku akasema aliigeuza karatasi. Mama akaokota ungo uliokwisha, akaupindua chini juu mbele ya uso wake.

"Sasa unga iko wapi?" Akaurudisha. "Ungo yangu ukigeuza, mkono ya kulia imekuwa ya kushoto. Hiyo hapana tena ungo ambayo mimi nilisuka. Karatasi ya Kampala ndiyo ilikuambia geuza?"

Duku alinitazama. Nilimkazia macho. Fahali tulishakubaliana, maneno tulishayapanga, kilichobaki kilikuwa kunyamaza pumzi moja tu.

"Hapana, mama," akasema. "Ni mimi."

Majuma yangu mawili yakaishia hapo. Obeti alianza kukohoa, nami nikatazama barabara. Nilichotarajia ni kwamba sasa fahali mmoja watakuwa watatu, na nilikuwa tayari nikihesabu wapi nitaanzia kubisha. Lakini mama alimwuliza walicheka watu wangapi. Akajibu kumi. Basi, akasema, ng'ombe abaki kwenu. Aende kwa hao kumi, mmoja mmoja, awaambie kama alivyosema hapa, awachoree. Yeye atasikia kama amefanya.

Obeti alisema shule imefungwa, hao watoto sasa wako kila mahali, na barabara imejaa bunduki.

"Mtoto wangu walipeleka mpaka Masaka," akasema Driwaru. "Huyu iko na baisikeli."

Nilimwambia Duku njiani kwamba hii ni hukumu ya mtu mwenye uchungu, atasahau, na kwamba mwezi huu mtu mwenye akili anafunga mizigo. Hakubisha. Asubuhi yake akaondoka na baiskeli na mfuko wa muhogo mkavu.

Mwezi mzima alizunguka. Nilimfundisha kitu kimoja tu: akiona askari, atoe mnyororo autie mfukoni, aisukume baiskeli kama mbovu, maana mtu anayekimbia hataki baiskeli ya kutengeneza. Kwa njia hiyo ilibaki naye. Wa Arua mjini walikuwa wanne, akawamaliza siku tatu. Mmoja alicheka tena, akadhani ni mzaha. Mmoja, Pasca, msichana peke yake katika darasa, alimwambia kwamba yeye alicheka kwa sababu mwalimu alicheka, akafunga mlango. Maracha alikuta wawili ndugu; baba yao alidhani amekuja kuandikisha watu jeshini, akamfukuza na mkuki, Duku akarudi kesho yake akawakuta shambani. Aliwachorea kwa fimbo kati ya matuta. Terego wawili. Midia kwao mmoja. Kila mahali alichora mitano, akaeleza kosa lake, akamtaka yule mtu arudie kwa kinywa chake: Adrabo alikuwa sahihi.

Aliporudi kupumzika kwangu Koboko, ambako nilikuwa nimewahamisha Medina na watoto, alikuwa amekonda, midomo imepasuka. Nilimwuliza kama yule mtu wa nyuma yake amekwenda. Akasema hapana, ila sasa amesogea karibu zaidi, kama anataka kuona mchoro.

Alibaki wa kumi, Tahiru, mtoto wa fundi cherehani wa pale pale Koboko, aliyekaa na Adrabo meza moja. Nyumba yao tuliikuta imefungwa kwa waya. Walikuwa wameshavuka mpaka.

Mwisho wa mwezi wa tano ilisemwa wanajeshi wa serikali mpya wako njiani kuja Arua, na Koboko yote ikaingia barabara ya Oraba. Sijawahi kuona soko la namna ile. Mbuzi alibadilishwa kwa kikapu cha mihogo, cherehani kwa kulala usiku mmoja ndani ya uzio. Nilikuwa na magunia kumi na mawili ya simsim, na nilishapatana na dereva wa lori upande wa Kaya atufikishe Yei, mimi, Medina, watoto na Duku. Dereva alikuwa anataka kuondoka mchana.

Duku alimpata Tahiru hatua chache kutoka lori letu, ameketi juu ya cherehani ya baba yake. Kijana alisimama kwa heshima, kama darasani. Mimi nilikuwa juu ya magunia nafunga, nikawasikia vizuri. Duku akachora chini, akaanza maneno yake, na kwa mara ya kumi yalikuwa yamenyooka kama sala. Tahiru alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Mwalimu, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni mitano. Adrabo alinionyesha asubuhi ile, kabla hatujaingia kwenye mtihani. Nikamwuliza basi tuandike mingapi. Akaniambia wewe andika minne, mwalimu wetu anajua minne. Mimi nitaandika mitano, ili auone."

Duku alibaki ameinamia mchoro. Kijana akadhani hakusikika, akaongeza sauti kwa sababu ya malori.

"Alisema, 'Ataona tu. Mwalimu Duku ni mtu wa kuangalia.'"

"Rudia."

Tahiru akarudia. Duku akamwambia arudie tena, polepole, akawa anayafuata kwa midomo, neno kwa neno. Halafu akaja mpaka lori. Nilidhani anapanda. Akamwambia Medina anarudi Onduparaka mara moja, yako maneno ya mtoto ambayo mama yake hajayapata, atatufuata Yei.

Nilimpigia kelele kutoka juu kwamba Onduparaka hakuna mtu, wote wamekimbilia Zaire, na kwamba Obeti mwenyewe alikuwa ameniambia hivyo. Hilo la Obeti nililitunga pale pale. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile mbele ya ukuta. Akatoa mnyororo mfukoni, akaufunga, akaipanda baiskeli, akaingia kwenye watu waliokuwa wanakuja. Umati wote ulikuwa unaelekea kaskazini, na shati lake peke yake lilikuwa linakwenda kusini. Niliona mabega yake mpaka kwenye kizuizi. Hakugeuka nyuma.

Hiyo ni miezi saba sasa. Nimeuliza kwa madereva, kwa wabadilisha pesa, kwa wanawake wanaovuka kutafuta chumvi. Mmoja alisema alimwona mtu na baiskeli Midia. Mwingine alisema Driwaru yuko Aru, upande wa Zaire, anasuka, na hajafikiwa na mtu yeyote. Medina hajui akae eda au amngoje, na shehe wa hapa Yei naye hajui.

Medina aliniuliza mara moja tu kwa nini sikushuka kumshika. Nikamwambia nilikuwa nimeshika kamba ya mzigo. Ilikuwa kweli. Magunia yalikuwa kumi na mawili, na dereva alishawasha gari.